MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mzazi Aambiwapo Ana Homa ya Ini

Mwezi huu nimeweka kando habari ya akiba ya nafaka, maana imenifikia barua ambayo sikuona vema ikae sandukuni kungoja zamu yake. Ameiandika mwalimu mmoja wa shule ya kijijini, naye ameniruhusu kuieleza hapa pasipo kutaja jina lake wala la kijiji chake.

Mama yake ana umri wa miaka 67. Alipelekwa hospitali ili apasuliwe rovu, na kama ilivyo desturi damu yake ikapimwa kwanza. Karatasi iliporudi ilikuwa na maneno machache tu, na muuguzi akawaambia kwamba mama ana homa ya ini aina ya C, arudi baada ya majuma mawili. Hakuelezwa zaidi. Wakarudi nyumbani. Juma lile lile mkazamwana akafunga uzi mwekundu katika mkono wa kikombe cha mama, kisije kikachanganyika na vingine. Wajukuu wakakatazwa kulala chumbani kwa bibi yao. Kisha mwana wa kwanza akafika kutoka mjini, akamwita mdogo wake nje, akamwuliza kwa sauti ya chini: Je, ugonjwa huu si ule uendao kwa damu na kwa zinaa? Na Baba, Mungu amrehemu, si alikuwa katika mashamba ya mkonge miaka ile yote? Dirisha lilikuwa wazi, na mama akasikia. Tangu siku ile hataki kurudi hospitali, wala hasemi sababu.

Mwalimu auliza ugonjwa huu ni nini hasa, umetoka wapi, na kama mama yake aweza kunywa katika kikombe cha Ushirika pamoja na wenziwe. Mimi ni mwalimu wa dini, si mganga. Walakini nimeyasoma mambo haya na kuwauliza wayajuao, na niyaandikayo hapa ni yale ambayo daktari ye yote aliyesoma atawaambieni, akipata nafasi ya kukaa nanyi. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo haipatikani mara nyingi. Mstari wa wagonjwa ni mrefu, karatasi ni fupi, na mgonjwa arudi nyumbani na neno moja tu la kutisha.

Basi na tuanze na neno lenyewe. Ini ni kiungo kikubwa kilicho chini ya mbavu upande wa kuume. Husafisha damu, hutengeneza nyongo, huweka akiba ya nguvu, na ndilo litengenezalo vitu vinavyoigandisha damu mtu ajikatapo. Likipatwa na uvimbe, tunasema mtu ana homa ya ini. Jina hili limewadanganya wengi, kwa kuwa mara nyingi hakuna homa yo yote. Mtu hungoja joto la mwili, halimjii, naye hudhani yu mzima. Tena jina hili si la ugonjwa mmoja. Vijidudu viletavyo uvimbe huo, ambavyo ni vidogo sana hata hadubini ya kawaida haivioni, waganga wameviita virusi, nao wamevipa herufi za alfabeti. Aina ya A huingia kwa chakula na maji machafu, nayo kwa kawaida hupita yenyewe. Aina ya B huenda kwa damu, kwa kuzaliwa na kwa kulala mume na mke. Aina ya C huenda kwa damu.

Nawasihini sana, kabla hamjasema neno lo lote juu ya mgonjwa, ulizeni herufi. Jirani akiwaambieni habari za mjomba wake aliyekufa kwa homa ya ini, huenda asijue ilikuwa herufi gani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa na aina ya B ya kudumu, na watu milioni 50 walikuwa na aina ya C. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki aina ya B ndiyo iliyo nyingi zaidi, na kwa hiyo masimulizi mengi ya barazani ni ya B. Tofauti yake ni kubwa. B ina chanjo, nayo hutolewa kwa watoto wetu wachanga, walakini haijapatikana dawa ya kuiondoa kabisa mwilini. Kuna dawa za kuizuia tu. C haina chanjo hata leo, lakini inayo dawa iiondoayo kabisa. Mtu aliyeletewa habari ya C amepewa habari mbaya, lakini imekuja pamoja na mlango wa kutokea. Mama yule hakuambiwa juu ya mlango huo.

Sasa, umetoka wapi? Nilimwandikia mwalimu nikamwuliza kama mama yake aliwahi kutiwa damu, au kupasuliwa, au kuumikwa kwa chuku na wembe. Akajibu kwamba ndiyo, mwaka 1983, alipomzaa mtoto wake wa kwanza, alitokwa na damu nyingi hata wakamkatia tamaa, na akatiwa chupa mbili za damu, moja ya ndugu yake na nyingine ya mtu aliyekuwapo hospitalini siku ile. Wasomaji wameelewa. Mtoto wa kwanza ndiye yule aliyeuliza maswali chini ya dirisha.

Hakuna awezaye kuapa kwamba ugonjwa uliingia kwa damu ile. Yawezekana ulikuja kwa sindano ya zahanati, katika siku ambazo bomba moja la kioo lilichemshwa kidogo na kutumiwa kwa watu wengi. Yawezekana ulikuja kwa wembe wa chale. Walakini jambo moja ni yakini. Mwaka 1983 hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kuipima damu ile. Kirusi hiki kilikuwa hakijajulikana. Katikati ya miaka ya 1970 daktari wa Marekani, Harvey Alter, na wenzake walikuwa wameona kwamba wagonjwa waliotiwa damu waliugua ini, wala ugonjwa wao haukuwa A wala B. Wakauita kwa namna ya kukosa jina, yaani si-A-wala-si-B. Ilichukua hata mwaka 1989 kabla Michael Houghton na wenzake, Qui-Lim Choo na George Kuo, pamoja na Daniel Bradley, hawajatangaza kwamba wamekitambua kirusi chenyewe. Kupima damu za kutiwa wagonjwa kulianza mwaka 1990 katika nchi tajiri, na huku kwetu kulikuja baadaye. Mwaka 2020 Alter, Houghton na Charles Rice walipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Mama yule alikuwa ameupokea mgeni huyu, kama ni katika damu ile, miaka sita kabla wataalamu hawajampa jina.

Kama mwona bado shaka kwamba sindano ya kuponya yaweza kuleta ugonjwa, tazameni yaliyotokea Misri. Mfano huu ni mkubwa kuliko yote ijulikanayo, nami nitaukawilia kidogo.

Wakulima wa Misri hulima kwa maji ya mto Nile, na mto ule, ambao sehemu yake hutoka katika ziwa letu la Nyanza, hupelekwa mashambani kwa mifereji. Katika mifereji hiyo hukaa konokono wenye kichocho. Kwa vizazi vingi watoto wa wakulima walikojoa damu na wazee wakafa kwa kichocho. Basi tangu miaka ya 1950 hata mwanzo wa miaka ya 1980 serikali ikafanya kazi kubwa ya kuwatibu watu kijiji kwa kijiji. Dawa ya siku zile ilikuwa ya antimoni, nayo ilipigwa katika mshipa wa damu, tena si mara moja, bali mara nyingi kwa majuma kadhaa. Watu walipanga mstari. Mabomba ya kioo yalikuwa machache, na kuchemsha kulifanywa kwa haraka. Nia ilikuwa njema, na wengi waliokolewa na kichocho. Walakini kutoka mkono wa huyu kwenda mkono wa yule, kirusi kisichojulikana kilisafiri pamoja na dawa. Mwaka 2000 wataalamu waliandika habari hizi katika jarida la Lancet, wakaonyesha kwamba mahali palipopigwa sindano nyingi zaidi ndipo ugonjwa ulipokuwa mwingi zaidi. Hata mwaka 2015 kama watu 10 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hata 59 walikuwa na alama ya kirusi hiki katika damu yao, na kadiri mtu alivyokuwa na umri mkubwa ndivyo alivyozidi kuwa katika hatari ya kuwa nao.

Fikirini nyumba za Misri, basi. Katika kijiji kimoja baba huyu, na baba yule, na mama wa jirani, wote waambiwa wana ugonjwa wa ini. Je, walifanya nini? Walitii. Walipoitwa kupigwa sindano walikunja mikono ya kanzu zao wakasimama mstarini. Mtoto wa nyumba ile akimwuliza baba yake amezini na nani, amemdhulumu bure.

Lakini habari ya Misri haikuishia hapo. Desemba 2013 dawa mpya iitwayo sofosbuvir iliruhusiwa Marekani, na bei yake ilikuwa dola 84,000 kwa majuma 12, ambayo ni kama dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Mwaka 2014 serikali ya Misri ilipatana na wenye dawa, wakaiuza kwa dola 900 kwa majuma yale yale 12. Baadaye viwanda vya Misri vyenyewe vikatengeneza dawa hiyo na bei ikashuka zaidi sana. Kisha tangu Oktoba 2018 hata Aprili 2019 wakapima watu wazima karibu milioni 50, katika zahanati, misikitini, makanisani na vituo vya gari-moshi, kwa tone la damu la kidoleni. Wote pamoja, tangu dawa mpya zilipokuja, zaidi ya watu milioni 4 wametibiwa. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufika daraja la dhahabu katika njia ya kuuondoa ugonjwa huu. Karibu nasi zaidi, Rwanda nayo ilitangaza Desemba 2018 mpango wa miaka mitano wa kuwapima na kuwatibu watu wake, na huko pia wazee ndio walioonekana kuwa nao zaidi kuliko vijana.

Hivyo mwaona kwamba ugonjwa huu, katika nchi nyingi za Afrika, ni ugonjwa wa wazazi wetu. Wao ndio waliopita katika zama za bomba la kioo.

Sisemi kwamba hakuna njia nyingine. Katika miji yetu ya pwani wako vijana wajidungao heroini kwa sindano moja wakipokezana, na kati yao ugonjwa huu ni mwingi. Nao pia ni watoto wa watu, na dawa huwaponya kama iwaponyavyo wengine. Kwa kulala mume na mke kirusi cha C hupita mara chache sana; watu waliooana miaka mingi huonekana mmoja anao na mwingine hana. Mama mwenye mimba humpa mtoto wake kama mara 6 katika 100. Kwa hiyo yule mwana wa kwanza alipochagua zinaa kuwa swali lake la kwanza, alichagua njia iliyo nyembamba kuliko zote, akaiacha barabara kubwa. Wanafunzi nao waliuliza ni nani aliyetenda dhambi walipomwona yule kipofu tangu kuzaliwa, na wasomaji wangu wanajua walivyojibiwa.

Sasa habari ya kikombe. Kirusi cha C hakiendi kwa mate, wala kwa chakula, wala kwa maji, wala kwa kushikana mikono, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja au kunyonyesha (ila chuchu zikiwa na vidonda vitokavyo damu, hapo mama na angoje zipone). Uzi ule na ukatwe. Wajukuu na warudi chumbani kwa bibi yao. Na mama na aende kupokea katika kikombe kile kile cha wenziwe, na ye yote amwekeaye kikombe cha peke yake kwa sababu ya ugonjwa huu hana haki ya kitabibu ya kufanya hivyo. Vitu vya kutengwa ni vile vinavyogusa damu: wembe, mswaki, mkasi wa kucha, sindano ya kutobolea masikio. Hivyo havifai kushirikishwa hata katika nyumba isiyo na mgonjwa. Damu ikimwagika sakafuni, ifutwe kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuulia vijidudu, na mfutaji avae mpira mikononi. Kinyozi na abadili wembe kwa kila kichwa. Na waalimu wenzangu, katika siku za jando, angalieni kwamba kisu kimoja kisipite watoto wawili.

Nimefika mahali ambapo naona hatari kubwa kuliko zote, nayo ni ile karatasi ya kwanza. Nawaomba msome polepole. Kipimo cha kwanza, ambacho pengine kimeandikwa Anti-HCV, hakimtafuti kirusi mwenyewe. Humtafuta askari ambaye mwili ulimtengeneza ili apigane naye. Fisi akipita uani usiku, asubuhi mtaona nyayo. Nyayo zawaambia kwamba fisi alikuja. Hazisemi kama bado yumo bandani. Katika watu 100 wanaoingiwa na kirusi hiki, kama 30 hukishinda wenyewe kwa nguvu za mwili katika miezi sita ya kwanza, pasipo dawa, na wengi wao hawajui hata kama waliugua. Lakini nyayo hubaki katika damu yao miaka mingi, pengine maisha yao yote. Kwa hiyo kuna kipimo cha pili, ambacho huandikwa HCV RNA, nacho humtafuta fisi mwenyewe. Mpaka kipimo hicho kimefanywa hakuna mtu ajuaye kama mama yule ni mgonjwa. Ile safari ya kurudi baada ya majuma mawili ilikuwa kwa ajili ya hilo! Yawezekana hana ugonjwa kabisa, naye anakaa na kikombe chenye uzi.

Na kama kirusi yumo? Ugonjwa huu huenda polepole kama mchwa katika nguzo. Miaka 20 au 30 yaweza kupita mtu asione kitu ila uchovu. Katika watu 100 wenye ugonjwa wa kudumu, kama 15 hata 30 ini lao hujaa makovu ndani ya miaka 20, likawa gumu. Waganga huita hali hiyo sirosisi. Pombe huiharakisha sana, na gongo zaidi. Hapo ndipo huonekana dalili ambazo wengi hudhani ndizo mwanzo wa ugonjwa, kumbe ni mwisho wake: macho kuwa manjano, tumbo kujaa maji, miguu kuvimba, kutapika damu, akili kupotea kwa vipindi. Katika ini la namna hiyo saratani nayo huweza kuota. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu kama 242,000 walikufa kwa sababu ya homa ya ini ya C, wengi wao kwa sirosisi na saratani ya ini. Basi msingoje manjano. Mtu aliyeambiwa mapema, angali na nguvu za kutembea mpaka hospitali, ameambiwa wakati ufaao.

Dawa ya siku za zamani, iliyoitwa intaferoni, ilikuwa sindano kwa majuma 24 au 48, nayo ilitesa: homa, huzuni, nywele kunyonyoka, na walioponywa walikuwa kama nusu tu. Huenda mkamkuta mtu aliyeikumbuka akawatisha. Dawa za leo ni vidonge. Mgonjwa humeza kila siku, kwa kawaida majuma 12, na wengine 24 ini likiwa limeharibika sana, na katika watu 100 zaidi ya 95 hupona. Sofosbuvir pamoja na daklatasvir ni dawa mbili zitumiwazo sana katika nchi zetu, kwa kuwa hutibu namna zote za kirusi hiki na viwanda vingi vimeruhusiwa kuzitengeneza kwa bei nafuu. Ulizeni katika hospitali kubwa ya mkoa au ya rufaa, maana zahanati ndogo pengine haina. Ulizeni pia bei kabla hamjauza ng'ombe.

Yako mambo ambayo lazima daktari aambiwe kabla ya kidonge cha kwanza. Mgonjwa apimwe pia aina ya B, kwa sababu B iliyolala yaweza kuamka C inapoondolewa. Kama anameza dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini, aseme, maana hiyo huziharibu nguvu za vidonge hivi. Dawa za moyo, za kifafa na za UKIMWI zitajwe zote. Ni afadhali kuzitia mfukoni na kuzipeleka zenyewe kuliko kuzisimulia. Na dawa za miti shamba? Wazee wangu wasinikasirikie. Sina neno na kila jani, lakini ini ndilo lisafishalo kila kinywewacho, na ini lenye uvimbe si mahali pa kujaribia mizizi ambayo hakuna ajuaye kipimo chake. Na zikae kando mpaka vidonge viishe. Mahindi na karanga zenye ukungu zitupwe. Sumu yake huliumiza ini, nalo limekwisha umia.

Nani amwambie mama, na kwa maneno gani? Hapa sina kitabu cha kunisaidia, nasema kwa kuzijua nyumba zetu. Asimwambie mkwe wake. Asiambiwe mbele ya wajukuu, wala jioni moja kwa sauti ya baraza zima. Aende yule mtoto ambaye mama humtuma sokoni na fedha zake, akae chini kwenye mkeka, amwamkie kama ilivyo ada, amweleze habari za chupa za damu za mwaka 1983 na za kipimo cha pili. Mzazi wa umri ule amefundishwa kutowatwika watoto wake mzigo. Atasema, Niacheni, siku zangu zimekwisha. Msilipokee neno hilo kuwa jibu. Mwanamke wa miaka 67 mwenye ini lisilokakamaa bado ana siku nyingi. Na yule mwana wa kwanza anayo kazi yake mwenyewe, ambayo hawezi kumtuma mdogo wake aifanye. Aingie peke yake, aombe radhi, tena alitaje neno alilolisema, kwa kuwa mama alilisikia.

Watoto wote waliozaliwa na mama huyu baada ya ule mwaka yafaa wapimwe mara moja, hata wakiwa watu wazima wenye mvi; ni tone la damu tu, na yumkini hawana. Mtoto mchanga wa mama mwenye ugonjwa hupimwa nyayo baada ya miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo hubeba askari wa mama yake. Mume au mke aliye hai naye apimwe. Mwana wa kwanza, aliyezaliwa siku ile ile ya kutiwa damu, apimwe pia, ingawa kwake hatari ni ndogo sana.

Majuma 12 baada ya kidonge cha mwisho, mgonjwa hurudi kupimwa tena kirusi. Kisipoonekana, amepona. Kupona huku hakumkingi na kirusi kingine akichomwa tena kwa sindano chafu, na mwenye sirosisi lazima aendelee kupigwa picha ya ini kila miezi sita, kwa sababu makovu yana hatari yake yenyewe. Tena, kama nilivyosema, nyayo hazifutiki. Miaka kumi baadaye, katika hospitali nyingine, mama atapimwa kipimo cha kwanza, nacho kitasema ndiyo, na muuguzi kijana atawaita tena watoto kando. Kwa hiyo ile karatasi ya pili, iliyoandikwa kwamba kirusi hakikuonekana, pamoja na tarehe na muhuri, itiwe katika bahasha na kuwekwa ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya shamba, na watoto wawili angalau wajue ufunguo ulipo.